Kikohozi Nilichotoka Nacho Nanchang

Mama mkwe wangu hataki niandike haya. Jana alikaa jikoni na chai yake ya maziwa akaniambia, "Mambo ya kifua hayasemwi, mwanangu. Una mtoto wa kike. Kesho nani atakuja kumposa?"

Mtoto mwenyewe ndiyo kwanza anajifunza kuvaa viatu bila kusaidiwa. Nikamjibu Bi Saada kwamba akitokea mwanamme wa kukimbia kwa kuwa mama wa msichana aliwahi kuugua kifua kikuu, basi na akimbie mapema, asitupotezee wakati. Akanyamaza. Siku hizi akinyamaza nahesabu nimeruhusiwa.

Kilichonifanya nikae niandike ni msichana mmoja niliyemkuta kwenye kliniki ya kifua, hapa mashariki ya London. Mimi nilikwenda kuangaliwa tu, dawa nimeshamaliza. Yeye alikaa peke yake kiti cha mwisho, barakoa imemfika machoni, machozi yanaingia ndani ya barakoa. Mchina. Mwanafunzi, begi la vitabu lipo miguuni. Nikamsogelea nikamwambia, "Chi le ma?" Maana yake umekula, na ndivyo wanavyosalimiana kwao. Aligutuka. Mwanamke mweusi mwenye hijabu anamwuliza kwa Kichina kama amekula. Alipotulia akaniuliza jambo moja tu: watanirudisha kwetu?

Nilimwambia hapana, hapa hawamrudishi mtu kwa ugonjwa huu, wanamtibu. Akanitazama kama namdanganya ili anywe dawa. Nikaona mwenyewe, hii ndiyo sura niliyokuwa nayo mimi Nanchang, nikiwa mgeni kwao. Haya niandikayo yeye hawezi kuyasoma. Ni ya msichana wetu aliyeko China sasa hivi, kwenye dakhalia ya chuo, bwenini, anayekohoa na kusema ni baridi. Na ni ya mzazi wa hapa London aliyefungiwa chumbani na kichanga chake, anayekohoa na kuambiwa ni moshi wa udi. Mimi nimekuwa wote wawili. Wote wawili walidanganywa na watu wanaowapenda, na hilo ndilo linalonichoma, maana angekuwa adui ningejua la kumfanya.

China nilikwenda kwa ufadhili mwaka ule ule niliomaliza kidato cha sita. Nilikuwa sijawahi kuvaa koti. Mwaka wa kwanza ni lugha tu, mwalimu anachora herufi ubaoni na sisi watu wazima tunazifuata kwa vidole hewani kama watoto wa chuo cha Kurani. Asubuhi unaamshwa na filimbi za wanafunzi wapya wanaofundishwa kwata uwanjani. Maji ya moto unayafuata chini, kwenye mabomba nyuma ya dakhalia, kila mtu na chupa yake ya chai, na ukichelewa yamekwisha. Kuoga unabeba beseni na kandambili mpaka bafu la wote. Wasichana wa Kichina wanaoga uchi huku wakipiga soga, sisi tumejifunga kanga kifuani, maji yanatiririka juu ya kanga, wao wanacheka mpaka wanashikana mabega. Barabarani mtu anakupiga picha bila kukuuliza. Kwenye basi bibi mmoja alinisugua mkono kwa kidole kilichotiwa mate, aone kama rangi inatoka. Haikutoka. Akanipa chungwa.

Nasema haya ili ijulikane sikuwachukia. Nje ya geti kulikuwa na duka la tambi la Waislamu wa kule. Mume anavuta unga kwa mikono mpaka unakuwa nyuzi, mke kavaa kitambaa cheupe kichwani, na kila nikiingia ananiuliza, "Chi le ma?" Nimesimama mbele yake na njaa yangu, naye ananiuliza kama nimekula. Nikimjibu bado, ananiongezea nyama. Kwa mwaka mzima yule ndiye aliyekuwa mama yangu.

Tatizo lilikuwa baridi. Nanchang ipo upande wa kusini, na upande ule majumba hayatiwi joto. Theluji ikianguka nje, ndani nako ni kama nje, ila hakuna upepo. Nguo hazikauki. Ukuta unatoka maji. Tulikuwa tunalala na makoti, soksi mbili mbili na chupa ya maji ya moto tumboni, na madirisha tumeyaziba kwa plastiki. Dakhalia nzima inakohoa. Ukilala unasikia kikohozi kinahama chumba kwa chumba. Majira ya baridi ya kwanza nilikohoa na wenzangu nikaacha na wenzangu. Ya pili wenzangu wakaacha, mimi nikaendelea.

Chumba nilikuwa na Zuhura, mtu wa Wete, mwaka wa tatu wa uhandisi. Alikuwa ananipikia wali kwenye jiko la umeme lililopigwa marufuku, akilificha ndani ya sanduku la nguo. Zahanati ya chuo nilikwenda mara kadhaa. Dawa yao ya kila kitu ni dripu. Unakaa kwenye kiti katika ukumbi, chupa inaning'inia juu, kushoto mtu anatafuna mbegu za alizeti, kulia mtu amelala, televisheni inaimba. Mara ya mwisho daktari, mwanamke mfupi, aliweka sikio lake la chuma mgongoni kwangu, akasikiliza muda mrefu. Kisha akaniambia nende hospitali kubwa nikapigwe picha ya kifua.

Nilirudi chumbani nikamwambia Zuhura.

"Picha ya nini?"

"Ya kifua."

"Usende."

"Kwa nini?"

"We mtoto, hujui? Kulikuwa na kijana hapa wa Kikomoro. Kapigwa picha, wakaona doa. Hata mtihani hakufanya, wakamtia kwenye ndege. Kafika kwao watu wote wanasema karudishwa kwa ukimwi. Mchumba kamkimbia."

"Lakini nakohoa, Zuhura."

"Nani hakohoi hapa? Kunywa asali, vaa soksi. Rudi kwenu na shahada, halafu ukohoe upendavyo."

Tulicheka. Sikwenda. Zuhura akaniletea vidonge vya duka la dawa, vya kila rangi. Nikipata nafuu naviacha, kikirudi naanza vingine. Daktari wa London aliponiuliza vilikuwa vidonge gani, nilimwambia vya njano na vya bluu. Hakucheka. Alisema huenda hivyo ndivyo vilivyoufundisha ugonjwa kuzizoea dawa. Sina la kuongeza hapo. Sote mle ndani tulijua mtu asiyepona kikohozi aangaliwe. Sote tuliogopa ndege kuliko kufa, na hakuna mtu mzima hata mmoja, kwetu wala kwao, aliyekaa na sisi akatwambia kama hadithi ya yule Mkomoro ni kweli. Mpaka leo sijui kama ni kweli.

Likizo ya kiangazi nilirudi Unguja nimekonda. Mama akasema ni chakula cha Kichina. Na nyumbani nikakuta nimeposwa. Khalfan alikuja kutoka London kutafuta mke. Kwao waliondoka baada ya Mapinduzi, babu kwanza, wengine wakafuata, na wamebaki huko, ila wake wanawafuata Unguja. Nikaambiwa kusoma nitasoma London, tena kwa Kiingereza, lugha ya watu. Khalfan ana sauti ya upole, na mimi nilikuwa nimechoka na baridi. Nikaolewa. Nanchang sikurudi.

Karatasi zilipokamilika nilikuwa na tumbo kubwa. Uwanja wa ndege wa London walitaka kunipiga picha ya kifua, kama walivyokuwa wakiwafanyia wageni siku zile. Nikawaonyesha tumbo. Wakasema mjamzito hapigwi, nitaitwa baadaye. Sikuitwa. Hiyo ilikuwa picha ya pili kunikosa.

Tunakaa Barking, ghorofa ya tatu: mimi, Khalfan na mama yake, Bi Saada. Khalfan anafanya kazi ya zamu stesheni ya Stratford. Dada yake, wifi yangu Rukia, anakaa mtaa wa pili na anauza nguo dukani Stratford, kwa hiyo mwanawe Hanifa alikuwa anashinda kwetu kwa bibi yake. Hanifa alikuwa na miaka minne. Kiswahili anakisikia chote, anajibu kwa Kiingereza.

Nasra alizaliwa majira ya machipuko, miti ya mtaani imetoa maua meupe. Nilimwona amekamilika, kucha na yote. Siku ya pili tulirudi nyumbani, na mlango wa chumba changu ukafungwa, arubaini ikaanza.

Bi Saada aliletwa London msichana mdogo, na nadhani ndiyo maana mila anazishika kuliko mama yangu aliyebaki. Hita iliwashwa mchana na usiku. Madirisha yalifungwa na kingo zikabandikwa utepe, upepo usimwingie mzazi. Asubuhi ananikanda kwa maji yanayounguza, ananifunga tumbo, ananipa uji wa pilipili manga, kisha chetezo kinawekwa chini ya kitanda na udi unapanda. Sitanii nikisema alikuwa ananipenda. Mikono yake ilikuwa na malengelenge kwa yale maji.

Na wanawake wakaja kumtazama mzazi. Wa Barking, wa Stratford, mmoja akaja kutoka mbali, Neasden, na mabinti zake. Wanakaa kitandani, wanakaa chini, mlango umefungwa ili joto lisitoke, mtoto anapitishwa pajani kwa paja. Nikikohoa mmoja anasema, "Udi huo umezidi, Bi Saada."

"Udi haujaua mtu," anasema Bi Saada. "Kifua chake kimezoea baridi ya Kichina, sasa kinashangaa joto."

Wanacheka. Hanifa mchana analazwa nami, bibi yake apate kupumzika. Ananigusa shingo na kusema, "Auntie, you're hot." Nageukia ukutani kukohoa, yeye ananizunguka apate kuniona uso.

Nilisema. Nataka hili lijulikane, nilisema kila siku. Nilimwambia Bi Saada shuka zinarowa kwa jasho, akasema maziwa yanashuka. Nilimwambia nakonda, akasema mzazi yupi asiyekonda. Nilimwambia mgongo unauma nikivuta pumzi, akaongeza moto kwenye maji ya kukandia. Kila kitu kilikuwa na jibu, na jibu lote lilikuwa arubaini. Nikamgeukia mume wangu.

"Nipeleke kwa daktari, Khalfan."

"Mama anasema ukishatoka arubaini."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi naingia kazini saa nane."

Damu ilikuja mchana. Nilikuwa nimempakata Nasra, nikakohoa, ikaruka kwenye shali yake nyeupe. Kidogo tu. Nyekundu, ina povu. Nilimfuta mkono kwa kanga, nikavaa jaketi la Khalfan juu ya kanga, nikamfunga mwanangu kifuani. Bi Saada alinikuta mlangoni.

"Unakwenda wapi? Hujatimia arubaini. Watu watasemaje?"

"Niambie wewe, mama. Watasemaje wakija kunizika?"

Nilipanda basi. Chumba cha kusubiri cha dharura kilijaa watu. Kijana kavunjika kidole, bibi kashika kichwa, mlevi anaimba. Nilikaa katikati yao. Nilipokohoa na kitambaa kikatoka na damu, viti vya pembeni yangu vikawa vitupu kimoja kimoja, watu wanainuka kama vile wamekumbuka jambo. Mimi niliwaonea wivu. Hata yule mlevi alijua la kufanya kuliko watu wa nyumbani kwangu. Nesi akanivisha barakoa, akanishika kiwiko, akanipeleka mpaka chumba chenye milango miwili, wa pili haufunguki kabla wa kwanza haujafungwa.

Picha ya kifua nikapigwa. Haikuchukua muda wa kunywa maji.

Mwanangu alichukuliwa mikononi mwangu siku ile ile. Sitaeleza sana. Nesi alikuwa amefunikwa mpaka machoni, alinyoosha mikono, akasema samahani, akasema tena samahani. Nasra alikuwa amelala. Shali walibaki nayo.

Walisema dawa za kawaida huenda zisinifae, kwa hiyo mpaka wajue zipi zinazonifaa nitakaa mle ndani peke yangu, na mtoto hawezi kunikaribia, atakaa nyumbani na bibi yake. Kujua huko kulichukua miezi. Aliyenieleza yote kwa lugha nyepesi alikuwa nesi wa Kijamaika, Sista Joy, mwanamke mkubwa asiyetabasamu. Yeye ndiye aliyeniambia pia kwamba Nasra atapimwa, na kupimwa tena, maana kichanga ugonjwa huu ukimwingia unakwenda haraka.

"Ukimwingia atakufa?" nilimwuliza.

"Tutampima," alisema.

Mjue basi nilikuwa nangoja nini wiki zote zile. Kifua changu sikukijali.

Maziwa hayakujua kwamba mtoto hayupo. Yalikuja kwa saa zake. Matiti yalikuwa mawe, nikasimama kwenye sinki nikayakamua, nikafungulia bomba yaende. Niliendelea hivyo mpaka yakaelewa. Kisha zikaja sindano, kila siku, nyama ya paja mpaka ikawa haina pa kuingizwa. Vidonge vilinitapisha. Ngozi ikageuka rangi ya chungu cha jikoni. Halafu sikio la kushoto likaanza kulia mluzi, mluzi usiokatika, na siku ulipokatika sikio lilikuwa limekufa. Walisema ni zile sindano. Waliniuliza kama nataka ziendelee. Nikasema zichomwe, kwa kusikia, la kulia linatosha.

Nje, miti niliyoiacha na maua ikawa na majani mazito. Bi Saada akawaambia watu kuwa nimekwenda Unguja kupumzika. Mtoto kabaki, ati kwa ajili ya chanjo. Yule mama wa Neasden, mtu wa adabu zake, akapiga simu Unguja kunijulia hali. Mama yangu, asiyejua kitu, akamwambia, "Mwanangu yuko London kwa mumewe, kwani nyinyi hamwonani?" Nilipohadithiwa nilicheka mpaka nikatapika.

Sista Joy alitaka kujua nani wote walioingia chumbani kwangu. Bi Saada alikuja kunitazama, barakoa imekaa kombo, akaninong'oneza, "Taja wa nyumbani tu."

"Mama, waliingia wanawake wa London nzima."

"Wazima wale. Ukiwataja utatuvua nguo. Nani atakanyaga kwetu tena?"

Sikutaja. Nilikuwa namwogopa, maana mwanangu alikuwa mikononi mwake na si mwangu. Hiyo ndiyo hesabu niliyopiga.

Kisha Rukia akapiga simu. Nilihamishia simu sikio la kulia.

"Hanifa ana homa wiki ya pili," alisema. "Wamempiga picha. Anao."

Niliketi ukingoni mwa kitanda.

"Ulikuwa unajua?"

"Jina sikulijua. Nilijua naumwa, na nilisema."

"Ulimlaza kitandani kwako."

"Mama yako ndiye aliyemlaza, Rukia. Kila siku. Mimi nilikuwa nageukia ukuta."

Nikasikia anavuta pumzi. "Mwanangu anashikwa na watu watatu ili achomwe sindano. Ananambia mummy make them stop. Nikiwa na nguvu za kukuchukia nitakuchukia, sasa hivi sina. Niambie kitu kimoja. Hao waliokuja na watoto wao, wameambiwa?"

"Mama kakataza."

"Na wewe unangoja nini?"

Akakata.

Sikumwachia Sista Joy. Nilimtajia majina yote, lakini kabla hajawafikia niliwapigia mwenyewe, kutoka kitandani, mmoja baada ya mmoja, sauti imekauka kwa kutapika. Nilisema sentensi zile zile: nina kifua kikuu, nilikuwa nacho mlipokuja, mtapigiwa simu kutoka hospitali, nendeni mkapimwe, watoto kwanza. Mmoja alikata simu kabla sijamaliza. Mmoja aliniambia, "Umetoka na uchafu wa Kichina ukatuletea." Nikamjibu anitukane akiwa njiani kwenda kupimwa. Mmoja alicheka, akadhani ni mzaha, halafu akaanza kulia. Na yule wa Neasden akaniuliza, "Wewe mwenyewe unakula, mwanangu?" Hapo ndipo nilipovunjika, kwa kumkumbuka yule mama wa tambi na kwa yote.

Wengi walikutwa wazima. Mmoja, mwenye watoto wadogo, alikutwa na ugonjwa, ndiyo kwanza unaanza. Sijamwona tangu siku ile, na salamu zangu hajibu. Ni haki yake. Ila anaishi.

Bi Saada alikuja siku mbili baadaye. Alisimama mlango wa pili, hakukaa.

"Umenivua nguo," alisema.

"Hanifa anachomwa sindano, mama."

"Najua anachomwa nini. Mimi ndiye ninayemshika miguu."

Ndipo nikamwona. Amekuwa mzee. Kifungo cha koti amekikosea tundu. Alitaka kusema jambo jingine, akageuka akaondoka, na milango ile haikuruhusu hata kuibamiza.

Nilidhani hatarudi. Ijumaa nesi akanambia nichungulie dirishani. Chini, kwenye maegesho ya magari, Bi Saada amesimama na magoti yake mabovu, amemwinua Nasra juu ya kichwa chake kwa mikono miwili. Kofia ya sufu, uso kama sarafu. Kutoka Barking ni mabasi mawili. Alimshikilia juu mpaka mikono ikatetemeka, akampumzisha, akamwinua tena. Alikuja kila Ijumaa. Hatukuzungumza kwa simu, hakunisamehe wala mimi sikumsamehe, na hakukosa Ijumaa hata moja. Mvua ikinyesha anamfunika mtoto kwa plastiki ya sokoni. Sijui kulipa jina gani jambo lile. Nilikuwa nikimwona namtukana kimoyomoyo na huku nasogea kioo mpaka pumzi yangu inakitia ukungu.

Majani yalianza kugeuka rangi Sista Joy alipoingia na majibu ya mwisho ya mtoto. Hakuketi. Alisema, "Hana kitu." Nikamwambia arudie, na aje upande wa kulia. Akazunguka kitanda akarudia.

Na mimi makohozi yangu yalikuwa yameshasafika. Dawa zingeendelea muda mrefu bado, mwaka na zaidi, lakini sikuwa tena hatari kwa mtu. Ningeweza kwenda nyumbani.

Kabla sijamaliza, niseme la kusema kwa wenye kuhitaji. Msichana wa dakhalia: kikohozi kisichokwisha baada ya wenzako kupona si baridi. Kapigwe picha. Wakikurudisha kwenu, utarudi mzima na utasoma kwingine. Mimi sikurudishwa, na shahada sina, na sikio sina. Usinywe vidonge vya shoga yako. Mzazi wa arubaini: uji kunywa, kukandwa kandwa, kuna raha yake. Dirisha fungua. Ukiwa na kikohozi mtoto wa mtu asilale na wewe, na kama hawakupeleki kwa daktari, miguu unayo. Wifi na mama mkwe mtakaosoma: anaposema anaumwa, anaumwa.

Hanifa amepona. Ilichukua mwaka na kitu. Rukia anakuja kwetu, ananiamkia, hakai chumba nilichomo. Khalfan nilimwuliza tena lile swali, wewe unasemaje, akalia. Kulia si jibu, lakini siku hizi akiniona nakohoa hata kwa pilipili, anachukua koti lake.

Siku niliyorudi nyumbani alikuja kunichukua yeye. Nilipanda ngazi nikipumzika kila ghorofa. Bi Saada alifungua mlango, Nasra yuko begani kwake, amenenepa, ana meno mawili yanayochungulia. Nilinyoosha mikono. Bi Saada akanipa.

Mtoto akanitazama. Akatazama ngozi yangu iliyoungua, akatazama mdomo, akageuza kichwa kumtafuta bibi yake, na akaanza kulia. Si kilio cha njaa. Alilia kama mtu aliyekabidhiwa kwa mgeni. Alijitupa nyuma, mikono yote miwili kwa Bi Saada, na Bi Saada bila kufikiri akaja mbele kumpokea.

"Mwache, mama," nilisema.

"Atazimia kwa kulia. Hakujui, mwanangu."

"Najua hanijui. Mwache."

Mikono yake ilibaki hewani. Kisha akaishusha. Nilikaa chini hapo hapo ukumbini, nikamshika mwanangu akanipiga ngumi za kifua, kifua kile kile, akalia mpaka sauti ikamkauka. Sikuimba, sikumbembeleza, sikuwa na wimbo wowote. Nilimwambia jina langu. Bi Saada akateremka taratibu mpaka sakafuni, magoti yake yakilia, akakaa mbele yangu mahali mtoto anapoweza kumwona, asidhani ameachwa. Hakumgusa.

Tulikaa hivyo sote watatu. Nasra akalia akimtazama yeye, akachoka, akalala mikononi mwangu akiwa bado amemtazama yeye.